Jaruba la Mgeni

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa kisigino cha Geme. Kilikuwa cheupe, kama cha mtu aliyekanyaga unga. Alitembea mbele yangu juu ya tuta, kapu kichwani, na kila alipohisi namtazama miguu alishusha nguo yake chini kidogo.

Nyuma yetu alikuja mpimaji wa hekalu, mwanamume mnene aliyenyoa kichwa, na fimbo yake ya kupimia. Kutoka nyumbani kwa Geme hadi shambani kwake palikuwa na njia fupi iliyonyooka. Geme hakuipita. Alituzungusha nyuma ya mitende, akaturusha mfereji, akatupitisha kwenye zizi la kondoo la jirani, mpaka tukatokea kwenye pembe ya shamba iliyo karibu na maji. Hapo shayiri ilikuwa imesimama hadi kiunoni, kijani mpaka inang'aa.

"Karibu, baba," Geme akamwambia mpimaji. "Shamba ndilo hili. Kaa kivulini nikuletee kinywaji."

"Mbona umetuzungusha hivi, mama?" Mpimaji alikuwa anahema. "Au njia yenu imeliwa na fisi?"

"Ile ina miiba. Mgeni hapitishwi penye miiba."

Mpimaji akacheka, akakaa, akanywa. Akachomeka fimbo palepale alipokaa, akachora alama zake kwenye bamba la udongo, akaondoka ameridhika. Ng'ambo ya ile pembe palikuwa na safu ya matete, imekaa kama iliyojiotea yenyewe. Nyuma ya matete, shamba lote lililobaki lilikuwa jeupe.

Geme aliona kwamba nimeona. Alinikatia mkate, akanipa kipande kikubwa, akageukia upande mwingine. Nilikula nikiangalia vidole vyangu vya miguu. Nilikuwa najua vizuri sana alichokifanya. Kwetu tunaliita jaruba la mgeni.

* * *

"Rudi, Somoe. Rudi taratibu. Vidole kwanza."

Hiyo ilikuwa sauti ya Chande, fundi wa mashine. Nikachezesha vidole. Ikaja dari ya bati, likaja feni, ikaja harufu ya nyaya zilizopata moto. Chande alinivua ile kofia polepole asinivute nywele.

"Nani anakusuka hivi? Kila siku nasema mistari iwe minene, waya zipate pa kushika."

"Mama."

"Mwambie mama taifa linaomba mistari minene."

Dakta Pendaeli alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, amevua viatu. Ni mwanamke mrefu wa Upareni, na akianza kufikiri lazima avue viatu. Nilimwamkia, akaitika, akanisubiri ninywe maji.

Mashine yetu hailoti wala haipigi ramli. Inapewa mto, mvua, udongo, mbegu na watu, halafu miaka inaachiwa ikimbie. Humo ndani kuna mabonde manne ya kale: la Naili, la ile mito miwili, la Indus, na la Mto Manjano kule Uchina. Yote yalianza kwa jambo lilelile, watu kupanda mbegu kwenye tope la mto. Lakini hayakudumu sawa, na mashine ilitengenezwa ili ijibu kwa nini. Lini, iliweza kusema. Iliweza kuonyesha mwaka ambao maghala yalianza kupungua. Ilichoshindwa ni kusema mtu alikuwa anawaza nini asubuhi ya mwaka ule alipotoka kwenda shambani.

Ndipo wakatafuta waingiaji. Mwingiaji analala, anavalishwa kofia, anaamka ndani kama mgeni aliyefikia kwa mtu. Watu wa mle wanaongea kwa sauti ambazo mashine inaziazima kichwani mwako. Geme alikuwa anaongea kama shangazi yangu mkubwa, mpaka namna ya kuvuta pumzi.

Waingiaji wa kwanza walikuwa wasomi, na mambo yaliharibika. Kichwa kilichosoma kinaingia na majibu yake. Mmoja alikuwa ameshasoma kwamba wavamizi ndio waliovunja mabonde, basi kila alipoingia alikuta wavamizi, hata kwenye shamba la vitunguu. Wakatangaza kwamba wanamtaka mtu asiyejua historia. Mimi niliishia darasa la tano. Siku niliyochaguliwa Chande alinipa mkono, akasema nina bahati, kichwa changu hakijajazwa kitu. Alisema kwa nia njema. Nilikwenda chooni nikakaa huko mpaka uso ukapoa.

"Haya, Somoe," Dakta Pendaeli akasema. "Hawa wa mito miwili wananichanganya. Vipimo vya mashamba yao ni vizuri mwaka hadi mwaka. Ghala la hekalu linapungua mwaka hadi mwaka. Vipimo vizuri, ghala tupu. Umeona nini?"

"Shayiri nzuri, Daktari. Imefika kiunoni."

"Shamba zima?"

"Pale tulipopelekwa."

Akaniangalia. Chande naye akaacha kukunja nyaya.

"Pale mlipopelekwa," Daktari akarudia polepole, kama mtu anayeonja chumvi kwenye mchuzi. Halafu akavaa viatu vyake, akaniruhusu niende.

* * *

Mama alikuwa shambani anamwagilia jaruba la mgeni, kile kipande chetu cha mpunga cha kando ya njia. Alikuwa amebeba maji matamu kutoka kisima cha Kilimani, kule juu, na kuyamwaga kwa bakuli, shina kwa shina. Bwana shamba alikuwa anakuja kesho yake kuchukua udongo, kipimo cha mwisho kabla ya Baraza la Ijumaa kuamua habari za malango ya bwawa.

Sisi wa bonde la Luhanga hatukukaa tukapanga uongo. Ilianza na adabu. Zamani, kabla ya bwawa, mto ulifurika kila masika ukalala mashambani, halafu ukaondoka, na watu wakapanda kwenye tope hilohilo. Waliishi kwenye madungu, vibanda vya miguu mirefu. Mgeni akija alipandishwa dungu, akaonyeshwa upande wenye mpunga mzuri, akachumiwa huko. Hakuna aliyemwonyesha mgeni upande ulioliwa na viboko. Kisha likajengwa bwawa, malango yakafungwa, ikaja mifereji na maji ya mwaka mzima, tukavuna mara tatu. Bwana shamba naye akaja na bomba lake la kuchotea udongo. Naye ni mgeni. Akapelekwa penye mpunga mzuri.

Wakati huo palipokuwa pazuri palikuwa karibu pote. Kisha weupe ukaanza kupanda kutoka chini. Maji ya mfereji yanaingia jarubani, jua linayanywa, chumvi inabaki, na hakuna mafuriko ya kuifagia. Sheria ya bonde ilikuwa imeandikwa na watu wa mbali: jaruba lenye chumvi ni la mzembe asiyesafisha mitaro, linapewa nyumba nyingine. Basi kila nyumba ikabaki na kipande kimoja kando ya njia, kinachooshwa kwa maji ya kisima, na kwingine kote majani yale magumu yanayopenda chumvi yakaachwa yakue, ili hata picha za angani zione kijani.

"Somoe!" Bi Tausi, jirani yetu, aliita kutoka tuta la pili. Naye alikuwa na bakuli mkononi. "Wamekulaza tena huko? Siku utarudi na mimba ya mfalme wa kale, usiseme hatukukuonya!"

"Mfalme akitoa mahari ya ng'ombe tunapokea," Mama akamjibu.

"Ng'ombe wa kale, mama Somoe! Wameshakuwa mifupa!"

Wakacheka wote wawili, kila mmoja anamwagilia jaruba lake la mgeni, kila mmoja haangalii la mwenzake. Nilichukua ndoo, nikaenda kuteka mengine.

Niliporudi Mama aliuliza bila kuinua kichwa, "Huko kwenye mashine, wanakuuliza habari za huku?"

"Hapana. Wanauliza za kale."

"Basi na wewe jibu za kale."

Nilijua anachoogopa. Mwaka nilipokuwa darasa la tano, mwanamume mmoja alisimama kwenye Baraza akiwa na mfuko wa plastiki. Akamwaga udongo mweupe mezani kwa mwenyekiti. Akasema, huu ni wa kwangu, na nyie mnao, tuombe malango yafunguliwe, mafuriko yaoshe. Kisha Kindamba, ambaye mdomo wake haujui likizo, akauliza, "Ngwale, pishi moja unauzaje?" Baraza zima likacheka. Waliokuwa wanacheka wote walikuwa na weupe nyumbani kwao.

Jaruba lake lilichukuliwa. Mama akarudi kwenye jaruba la mama yake, akanichukua. Shuleni wenzangu waliniwekea chumvi kwenye dawati, kidogo tu, kila asubuhi, wakakaa kusubiri nifanye nini. Mwisho sikwenda tena. Yule mwanamume alibaki kule ukingoni kwenye dungu la zamani, anatengeneza baiskeli. Nikikutana naye mbele za watu nasema, "Shikamoo, mzee," kama unavyomwamkia mzee yeyote. Anaitika vizuri. Hajawahi kuniuliza mbona.

* * *

Daktari alitaka nilinganishe, kwa hiyo siku zilizofuata alinitembeza kwenye mabonde mengine.

Naili nilifikia kwa mama mmoja aitwaye Merit. Kwenye ukingo wa mto wao kuna ngazi za mawe zinazoshuka majini, ukutani kumechongwa mistari. Mzee mmoja alisimama pale akaangalia maji yamefika mstari gani, akapaza sauti akataja dhiraa, na watoto wakakimbia wakiitaja mpaka mwisho wa kijiji. Mwaka ule maji yalikuwa haba.

"Mwaka huu tutatafuna mizizi ya mafunjo," Merit akamwambia jirani yake juu ya ukuta.

"Kwani sisi tutatafuna nini? Nyama?"

Hakuna aliyeangalia chini. Merit alikuwa mwongo, tena kuliko Geme. Nilimsikia akimdanganya mumewe kuhusu bata watatu mfululizo. Lakini kwenye maji hakuwa na cha kudanganya. Kipimo kilikuwa ukutani, na ukuta haukuwa wa mtu. Maji yalipopungua yalikuwa yametupungukia sote. Mto ulipokuja ulilala juu ya mashamba, ukaondoka na ulichokikuta, chumvi nayo ikaondoka. Udongo ulibaki mweusi. Niliushika, nikaunusa, nikaona wivu kama mtu anayeona nguo ya mwenzake.

Indus nilikuta mji wa matofali ya kuchoma, mitaro iliyofunikwa, visima, kila kitu kimenyooka. Nusu ya nyumba zilikuwa tupu. Mwanamume mmoja alikuwa anang'oa mlango wake wa mbao ili aubebe.

"Mnahamia wapi?"

"Kunakonyesha."

"Hamuoni aibu kuacha nyumba kama hii?"

Akanitazama kama nimeuliza swali la kitoto. "Aibu ya nini? Mto umehama. Sisi ni nani tubaki?"

Mto Manjano sikukaa sana. Huko waliinua kingo, mto ukajaza tope, wakaziinua tena, mpaka nikawa nasikia maji yanapita juu ya kichwa changu. Kila kingo zilipovunjika waliobaki walianza upya, na watu waliogombana jana walibeba kikapu kimoja cha udongo wakiwa wameshika kila mmoja mshikio wake.

Nilipotoka Dakta Pendaeli alikuwa amechora mistari minne ubaoni, mmoja mrefu, mingine imekatika. "Tunauliza bonde lipi lilidumu," akasema. "Labda swali ni nini kilidumu. Mji wa Indus ulikufa, watu wake hawakufa, walitawanyika wakalima kwingine. Watu wa Naili walipata mto ambao ratiba yake haikubadilika sana, na jangwa la kuwalinda pande zote. Hilo si akili yao, ni bahati. Lakini hawa wa mito miwili walikuwa na akili kuliko wote. Waliandika kila kitu. Kwa nini hawakuandika chumvi?"

"Hawa si watu, Daktari," Chande akasema. "Ni hesabu. Hesabu haina aibu."

Mimi nilikuwa nafungua msuko mmoja uliokaza. Mikono yangu ilisimama.

"Kwani nani ametaja aibu?" Daktari akamuuliza.

Chande akaona haya. "Nimesema tu."

* * *

Daktari aliniingiza kwa Geme mara ya mwisho, miaka mingi mbele.

Ngano ilikuwa imekwisha kabisa. Hawakuipanda tena, haikuweza ile ardhi. Shayiri ilikuwa nyembamba kama ndevu za kijana. Geme alikuwa amelala kwenye mkeka ukutani, mfupi, amekauka. Mjukuu wake alikuwa nje anamzungusha mpimaji mwingine, mwembamba huyu, nyuma ya mitende.

"Mgeni wangu," Geme akasema. "Wewe huzeeki."

"Shikamoo, mama."

"Umekuja kula mkate? Siku hizi ni mdogo."

Nikakaa chini karibu naye. Sheria ya waingiaji ni kuuliza bila kufundisha. Nikauliza. "Majirani wanajua kuhusu shamba?"

"Wote wanajua. Na mimi najua yao."

"Kwa nini usiseme?"

Alicheka kidogo, akakohoa. "Mwanangu, nikisema, nitakuwa peke yangu mwenye shamba baya. Hivi sasa hakuna mwenye nalo."

"Na mpimaji?"

"Mpimaji anajua. Unadhani mwanamume anazungushwa miaka yote asijue? Akisema, yeye ndiye aliyeandika uongo. Na aliyempokea bamba hekaluni naye anajua. Tumeshikana hivi." Akafumbata vidole vyake. "Anayeachia wa kwanza anaanguka yeye."

Nje nilisikia mjukuu wake akisema, mgeni hapitishwi penye miiba.

"Hakuna aliyewahi kusema hata mmoja?"

"Alikuwepo. Alikuwa mtu mzuri, anajua kuchonga majembe. Tulimcheka." Geme akafumba macho. "Nilimcheka na mimi, na nilikuwa nampenda. Alihama. Sijui alikufia wapi."

Nilitaka kumwambia kitu. Nilitaka kumwambia kwamba najua alipo, yuko ukingoni anatengeneza baiskeli. Lakini Chande akaanza kuniita, vidole kwanza, na uso wa Geme ukaenda pamoja na ukuta.

Safari hii nilimweleza Daktari yote: njia ndefu, matete, pembe ya kijani, mpimaji anayejua. Alisikiliza bila kuandika. Nilipomaliza akavua viatu.

"Na hapa kwenu?"

"Hapa vipimo ni vizuri, Daktari."

"Na vyao vilikuwa vizuri."

Nikainama kutafuta ndala zangu. Angeweza kunibana, hakunibana. Alisogeza kiti.

"Nisikilize, mdogo wangu. Mashine inasema bonde lenu liko salama, malango yabaki yamefungwa miaka thelathini. Inasema hivyo kwa sababu ya udongo tuliopewa. Mimi nina shaka, lakini shaka yangu haiingii kwenye Baraza. Kwa sheria yenu udongo unachotwa mwenye shamba anapoonyesha, na nje ya hapo linakubaliwa neno la mkazi, limesemwa na yeye mwenyewe mbele ya wenzake. Siwezi kukusemea. Wala sitakuambia useme. Ukisema, jaruba la mama yako linachukuliwa, na mimi Jumamosi nitapanda basi nirudi kwetu. Ningekuwa nakutuma unilipie."

"Na nisiposema?"

Akaangalia ubao, ule mstari wa mito miwili uliokatika. Sikumlaumu.

* * *

Baraza lilifanyika asubuhi kwenye ghala la mpunga, kwa sababu siku hizi lina nafasi. Watu walikaa kwenye magunia matupu. Mwenyekiti Mpili alijaribu spika kwa kupuliza, watoto wakapuliza kumwiga.

Chande akaonyesha picha ukutani. Bonde letu lilikuwa katikati ya yale ya kale, kijani tupu, na mstari wake ulikwenda mbali kuliko yote. Watu wakapiga makofi.

"Si mmeona?" Kindamba akasimama. "Hata mashine imekubali! Mmisri mwenyewe tumemwacha nyuma. Funga malango, tuvune, mambo ya kuhamia Kilimani na vitanda kichwani kila masika waachiwe wenye miguu!"

Wakacheka. Kisha Kindamba akaona mtu mlangoni. Alikuwa amesimama nusu ndani nusu nje, mikono myeusi kwa grisi. "Aa, Mzee Munyu! Pita ndani, mzee. Leo hatupiki, lakini pita."

Wakacheka zaidi, maana munyu ni chumvi. Na yeye akatabasamu kidogo, kama mtu anavyotabasamu akitaniwa na watu wengi, akabaki palepale. Mama, aliyekaa karibu nami, alianza kutengeneza pindo la kanga yake ambalo halikuwa na kasoro.

Dakta Pendaeli akashika spika. Alisema mashine inakula inacholishwa. Alisema katika bonde la mito miwili vipimo vilikuwa vizuri hadi siku ghala lilipokuwa tupu. "Aliyekaa na watu wale ni Somoe. Mkitaka kujua kilichowapata, muulizeni yeye. Akikataa, msimuulize mara ya pili."

Mwenyekiti Mpili akaniita. Nilitembea hadi mbele nikiona miguu yangu tu. Nilipoamkia, sauti yangu ilitoka kwenye spika kubwa hata ikanitisha.

Nikawaeleza Geme. Nilianza na njia fupi iliyonyooka ambayo hakuipita. Nikaeleza mitende, na mfereji, na zizi la jirani. Nikaeleza kivuli na kinywaji. Nilipofika kwenye matete, yule mtoto aliyekuwa anapuliza aliacha, na nikasikia feni. Bi Tausi alikuwa anaangalia magoti yake. Bwana shamba, aliyekaa mstari wa mbele na bomba lake kwenye mfuko, alikuwa ameinamisha kichwa kama anayesoma, na hakuwa na kitu cha kusoma.

"Mama yule aliniambia, nikisema nitakuwa peke yangu mwenye shamba baya," nikasema. "Akaniambia hivi sasa hakuna mwenye nalo. Na shamba lilikuwa jeupe mpaka upeo wa macho."

Hakuna aliyecheka. Hata Kindamba.

Mwenyekiti Mpili akasafisha koo. "Ahsante, mwanangu. Hayo ni ya watu wa kale."

"Ndiyo, mwenyekiti."

"Wa mbali."

"Ndiyo."

"Basi kaa. Umesema vizuri."

Alikuwa ananipa njia. Ghala zima lilikuwa linanipa njia, naliona linavyopumua likinisubiri niipite. Nilikuwa nimesema, na sikuwa nimesema. Ningeweza kwenda kukaa, na hakuna ambaye angenilaumu, na jioni Bi Tausi angetania kuhusu mfalme, na Mama angesuka mistari minene.

Nikamtazama Mama. Alitikisa kichwa. Hapana. Midomo yake ilisema bila sauti, jaruba. Macho yake yalikuwa yamejaa, nikajiuliza nikifungua mdomo tutalala wapi, yeye na mimi, nikaelewa kwamba yeye ndiye aliyebeba maji yale kichwani miaka yote, akapata kovu la ndoo utosini ambalo nalijua kwa vidole vyangu. Sikuwa na haki ya kumtumia. Na nilijua pia kwamba malango yakifungwa siku ile, mjukuu wake atakuwa anamzungusha mgeni nyuma ya matete, akisema habari za miiba.

Aibu ilinipanda hadi masikioni. Ilikuwa ileile ya dawati. Nilidhani siku nikisema itakuwa imeniacha kwanza. Haikuniacha. Ilibidi niseme nikiwa nayo, spika ikiirudisha pumzi yangu ghala zima.

"Mwenyekiti, sijamaliza."

"Somoe," Mama akasema, sasa kwa sauti. "Kaa, mwanangu."

"Jaruba letu ni jeupe," nikasema. "Tunamwonyesha bwana shamba kipande cha kando ya njia, tunachokiosha kwa maji ya kisima. Kwingine kote ni kweupe. Ya wengine siyasemi, ni yetu ninayoyasema." Kisha nikageukia mlangoni, na sikusema mzee. "Yule pale ni baba yangu. Alisema kweli."